Ukiachiwa kwa Hisani, Hujaachiwa

 

Leo nina habari ya rapa na polisi. Naileta kwa sababu muziki wa rap umeshapanda mlima wetu wa Elgon, hadi hapa Cheptais. Pita madukani jioni, wakati magunia ya vitunguu yamekwisha kupakiwa na vijana wa bodaboda wanapiga gumzo wakingoja abiria wa mwisho, utasikia biti inadunda kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kinyozi. Ndani kuna kompyuta moja, maikrofoni iliyovalishwa soksi ili isishike pumzi, na trei za mayai zimebandikwa ukutani kutoka sakafuni hadi darini kupunguza mwangwi. Vijana wanarekodi humo kwa Kisabaoti, Kibukusu, Kiswahili na Sheng, mara nyingine zote nne ndani ya ubeti mmoja. Wanataja barabara, basari, zahanati isiyo na dawa, na mheshimiwa ambaye tangu kampeni hajaonekana. Mzazi akisikia ngoma hiyo huuliza maswali mawili: utakula nini, na polisi utatuletea lini?

Swali la kula tuliweke kiporo. Hilo la polisi ndilo la leo.

Tuanzie Tanzania, kwa sababu huko yuko rapa ambaye safari yake ya muziki unaweza kuisoma kama faili la kesi. Jina lake ni Emmanuel Elibariki, mashabiki wanamjua kama Nay wa Mitego. Huyu alijenga jina kwa kutaja watu. Wasanii wenzake aliwasema, wachungaji aliwasema, wanasiasa aliwasema. Mwaka 2013 alitoa Muziki Gani akiwa na Diamond Platnumz, wawili hao wakibishana ndani ya wimbo huo huo kama muziki wa kweli ni hip hop au bongo fleva. Mwaka 2016 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likampiga kufuli kwa wimbo Pale Kati Patamu, hoja ikiwa maadili. Kwa hiyo mlango wa ofisi za baraza alikuwa ameshaujua kabla ya kuujua wa kituo cha polisi.

Halafu ikaja Machi 2017. Siasa za Tanzania zilikuwa zinafuka moshi. Tarehe 23 mwezi huo, Rais John Magufuli alimwondoa waziri wa habari, Nape Nnauye, wakati nchi nzima ikizungumzia kisa cha mkuu wa mkoa kuingia usiku na askari wenye silaha katika kituo cha utangazaji cha Clouds. Katikati ya moshi huo Nay akatoa wimbo unaoitwa Wapo. Aliuliza humo kama uhuru wa kusema bado upo, kisha akamgusa daktari wa kutumbua majipu ambaye hapendi kushauriwa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa daktari ni nani, kwa kuwa kutumbua majipu ndio ulikuwa wimbo wa Rais mwenyewe kila alipofukuza mtumishi wa umma kazini.

Jumapili ya tarehe 26 Machi, polisi wakamkamata Nay mkoani Morogoro alikokwenda kufanya onyesho, wakampeleka Dar es Salaam. BASATA nayo ikaupiga marufuku wimbo, redio zisiucheze. Kosa lililotajwa: wimbo unaikashifu serikali.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo watu wengi hupigia makofi. Siku iliyofuata, Jumatatu, waziri mpya wa habari, Harrison Mwakyembe, aliyekuwa na siku chache tu ofisini, akatangaza Dodoma kwamba Rais ameusikia wimbo na ameupenda. Nay aachiwe. Wimbo uchezwe. Na Rais ana ushauri: msanii auboreshe kwa kuwataja pia wakwepa kodi, wauza dawa za kulevya na wengineo. Nay akatoka. Vijana wakashangilia, na wimbo uliokuwa marufuku Jumapili ukachezwa kila kona Jumatatu.

Mimi nauliza: ni nini kilichobadilika kati ya Jumapili na Jumatatu? Maneno ya wimbo yalikuwa yale yale. Sheria ilikuwa ile ile. Kama Jumapili wimbo ulikuwa kosa, basi Jumatatu ulikuwa bado kosa. Na kama haukuwa kosa Jumatatu, basi mtu alilazwa rumande bila kosa, na aliyemlaza alistahili kuulizwa. Hakuulizwa. Hapakuwa na hakimu, hapakuwa na shtaka lililosomwa na kujibiwa, hapakuwa na hukumu ambayo rapa mwingine angeweza kuishika kesho akasema, mahakama ilikwisha kuamua. Kilichokuwapo ni sikio la mkubwa mmoja, na sikio hilo siku ile lilipendezwa.

Wahenga walisema hisani haiozi. Ya jirani, naam, haiozi. Ya mtawala huoza mapema sana. Siku tisa baada ya Nay kuachiwa, tarehe 5 Aprili 2017, rapa mwenzake Roma Mkatoliki alichukuliwa na watu wasiojulikana pale Tongwe Records, studio ya Dar es Salaam, pamoja na wenzake waliokuwamo. Walipatikana tarehe 8. Roma alipojitokeza mbele ya waandishi wa habari alieleza kwamba walifungwa macho na kupigwa. Mwaka uliofuata, Machi 2018, huyo huyo Roma akafungiwa kazi za muziki miezi sita kwa wimbo Kibamia. Kumfungia msanii miezi sita ni kumwachisha kazi, jamani. Hapandi jukwaani, hatoi ngoma, na kodi ya nyumba inamngoja pale pale.

Na Nay mwenyewe, yule aliyeambiwa ameupendeza moyo wa Rais? Mwaka 2023 alitoa Amkeni, akaitwa na BASATA. Mwaka 2024 akatoa Nitasema, wimbo uliogusa habari za watu kutekwa, akaitwa tena. Rais alikuwa mwingine, waziri mwingine, lakini msanii yuko pale pale alipokuwa 2017: anasubiri kujua wakubwa wa safari hii wamefurahi au wamenuna. Hilo ndilo neno langu la leo. Aliyekuachia kwa kuwa amependezwa, anaweza kukufunga kwa kuwa amechukizwa. Ukiachiwa kwa hisani, hujaachiwa.

Lakini msikilizaji wa pili kutoka kushoto, namsikia akiguna: "Kwa hiyo rapa akishikwa daima ameonewa?" Hapana. Tusiharibu hoja kwa kuwabeba wote kwenye gunia moja.

Kuna rapa Chidi Benz, jina la nyumbani Rashid Makwiro, mtoto wa Ilala, sauti nzito ambayo watu wa rika fulani hawataisahau. Oktoba 2014 alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akielekea Mbeya kwenye onyesho, akakutwa na dawa za kulevya. Alipelekwa mahakamani, kesi ikasomwa, na mwaka 2015 akahukumiwa, akalipa faini. Hapo usanii haukuwa na kazi. Angekuwa fundi viatu ingekuwa vile vile. Baadaye wote tuliona alivyodhoofika, na kwamba alichohitaji zaidi ni tiba kuliko pingu, lakini hilo ni somo la siku nyingine. Ninachosema ni kwamba kesi yake ilikuwa na kichwa na miguu: kosa linatajwa kwenye sheria, ushahidi upo mezani, hakimu yupo, adhabu ina kipimo. Kijana wa Cheptais anayeficha bangi mfukoni halafu akishikwa analia kwamba wanauogopa ujumbe wake, huyo asitutanie.

Kuna na kosa la mdomo lililo kosa kweli. Hapa nawaomba mnisikilize polepole, kwa sababu linatuhusu watu wa mlima huu kuliko wengi.

Rwanda ilikuwa na mwanamuziki mashuhuri aliyeitwa Simon Bikindi, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma la Irindiro. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokuwa na makao yake Arusha. Tarehe 2 Desemba 2008 akahukumiwa miaka 15. Wengi wanafikiri alifungwa kwa nyimbo. Mahakama ilikuwa makini zaidi ya hapo. Ilikubali kwamba nyimbo zake zilitumika kuchochea chuki, lakini haikumtia hatiani kwa kuzitunga. Ilimtia hatiani kwa sababu mwezi Juni 1994 alipita barabarani kwenye msafara wa wanamgambo, spika ikiwa juu ya gari, akawaambia watu wawaue majirani zao Watutsi. Majaji walipima nani alisema nini, wapi, lini, kwa kusudi gani, na nini kingefuata. Watu laki nane na zaidi walikuwa wameuawa, hasira ya dunia ilikuwa juu, na bado mahakama ilichambua wimbo mbali na kipaza sauti. Kama majaji wa kesi nzito kiasi kile waliweza kupumua na kupambanua, ofisa wa kituo anashindwaje na wimbo wa kulalamikia barabara?

Nimesema linatuhusu. Kuanzia 2006 hadi 2008 mlima huu uliungua. Ugomvi wa mashamba ya Chepyuk ukazaa kundi la Sabaot Land Defence Force. Watu wakauawa, wengine wakakatwa masikio, maelfu wakakimbia makwao. Machi 2008 likaja jeshi na Operesheni Okoa Maisha, wanaume wakakusanywa kwa mamia, na malalamiko ya mateso ya siku zile hayajazikwa hadi leo. Waliokuwa watoto wakati huo ndio hawa wanaoshika maikrofoni sasa. Wanajua kwamba kabla ya panga huja neno. Huja jina la dharau linalopewa ukoo fulani. Huja wimbo wa kuuliza hawa walitoka wapi.

Kwa hiyo rapa wa Cheptais anayeimba kwamba kabila fulani au ukoo fulani ufurushwe, simtetei. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya Kenya nzima kuonja damu, inasema kuchochea chuki ya kikabila ni kosa, na adhabu yake ni faini hadi shilingi milioni moja au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ni sawa. Kusema jirani yako si mtu, huko si kuwa jasiri.

Ila tazameni mambo yanavyokwenda kinyume. Anayemtukana jirani kwa kabila lake wakati wa kampeni mara nyingi hupanda jukwaa na kupewa kiti cha mbele. Anayemwuliza mkubwa pesa zimekwenda wapi ndiye anayefuatwa usiku. Sheria iliyowekwa kuwalinda wanyonge inapewa mgongo, na sheria isiyokuwapo inabuniwa kumlinda mwenye nguvu.

Mtaniambia hayo ni ya Tanzania, Kenya tuna katiba. Tunayo, na ni nzuri. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanii. Kinasema pia mipaka yake: uhuru huo haufiki kwenye propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Kumuudhi mheshimiwa hakumo kwenye orodha hiyo, nendeni mkasome. Mahakama zetu nazo zimefanya kazi. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikiwanasa watu kwa "matumizi mabaya" ya chombo cha mawasiliano, neno pana kama anga. Februari 2017, mwezi mmoja tu kabla ya Nay kukamatwa Morogoro, Mahakama Kuu yetu ikasema kumchafulia mtu jina kusiwe tena jinai ya kumpeleka mtu jela. Aliyechafuliwa aende kudai fidia.

Na hiyo fidia si hadithi. Desemba 2019 rapa King Kaka alitoa Wajinga Nyinyi, akawataja viongozi na kuwakemea wapiga kura kwa kuwachagua. Anne Waiguru, wakati huo gavana wa Kirinyaga, kupitia mawakili wake alimtaka aombe radhi. Mawakili wengine nao wakajitokeza kumsimamia rapa. Unaweza kumpenda gavana au kumpenda King Kaka, hiyo ni hiari yako. Lakini ile ndiyo njia ya kiungwana: barua, wakili, mahakama. Kila upande unajua unadaiwa nini.

Lakini tusijipake mafuta. Aprili 2025, hapo Butere, ambapo si mbali nasi, wasichana wa shule waliandaa mchezo wa kuigiza, Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Mchezo uliondolewa mashindanoni, mahakama ikaamuru urudishwe, Malala akakamatwa, na pale Nakuru, siku ya onyesho, wanafunzi wale waliingia ukumbini bila vifaa vyao na bila hadhira, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje, gesi ya kutoa machozi ilikuwa imewatawanya watu. Amri ya mahakama ilikuwapo kwenye karatasi. Kwenye uwanja palikuwa na gesi. Miezi miwili baadaye, mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa Homa Bay kwa ajili ya maandishi ya mtandaoni juu ya ofisa mkuu wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Baada ya hayo, Mkenya anayemcheka Mtanzania ajipapase kwanza.

Basi tufanye nini? Kwa vijana wa trei za mayai, nina machache.

Andika ukijua unachokisema. Kama unasema pesa za basari zimeliwa, tafuta ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu; hutolewa kwa umma na haina malipo. Mstari wenye ushahidi una uzito mara mbili, na ukiitwa una la kujibu. Mtaje kiongozi kwa kazi yake, si kwa ukoo wake wala kwa mwili wake. Huo si woga. Tusi humpa mkubwa mahali pa kujificha, atajibu tusi na swali lako alipite.

Ukishikwa, kumbuka kifungu cha 49 cha Katiba. Lazima uambiwe sababu ya kukamatwa, mara moja, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine wa kukusaidia. Lazima ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kwanza ya kazi kama muda umeangukia nje ya saa za mahakama. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hupaswi kuwekwa rumande kwa ajili yake. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na jamaa yako akifika kituoni aulize nambari yake. Kijana ambaye jina lake liko kwenye kitabu ni vigumu zaidi kupotea kuliko ambaye haliko.

Wazazi, nanyi mtoto akishikwa msikimbilie kwanza nyumbani kwa mheshimiwa na kuku mkononi kuomba amsemee. Najua ndivyo tulivyolelewa. Najua pia kwamba wakili ni ghali na kutoka hapa hadi mahakama ya Bungoma ni nauli. Lakini ukimtoa mwanao kwa simu ya mheshimiwa, umemfanya mwanao deni la mheshimiwa. Ngoma yake ijayo itakuwa ya kumsifu, na mtaita hiyo shukrani. Kuna mashirika ya haki za binadamu, kuna sheria ya msaada wa kisheria tangu 2016. Anzeni huko.

Na nyinyi viongozi mnaonisikiliza kwenye gari zenye vioo vyeusi, Magufuli alipewa sifa nyingi kwa kuupenda wimbo uliomgusa. Mimi sifa hiyo siwaombi. Hatuhitaji mpende nyimbo. Zichukieni mpendavyo, zimeni redio, tungeni zenu za kujibu. Tunachodai ni kwamba chuki yenu isiwe na funguo za seli, na mapenzi yenu pia yasiwe nazo.

Kwa hiyo kijana wangu, siku ukitoka kituoni na mtu akakupiga begani akakwambia, shukuru, mkubwa ameusikia wimbo wako na ameupenda, mwamkie kwa heshima. Kisha mwulize ulikamatwa kwa kifungu gani, na umeachiwa kwa kifungu gani. Asipokuwa na jibu, kesi yako haijaisha. Nenda ukaifungue wewe.